Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya usalama wa chakula: Msitulishe kwa kibali cha kuazima

Lindi

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa dhamana ya kuidhinisha vyakula vipya nchini,

YAH: UCHUNGUZI WA VYAKULA VINAVYOCHUKUA NAFASI YA NYAMA KABLA HAVIJAFIKA KWENYE SAHANI ZETU

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, mzaliwa wa Newala na mkazi wa Lindi kwa sasa, na ni mjumbe wa kamati ya chakula ya shule ya msingi anakosoma mjukuu wangu. Nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha nimeifuata hadi mwisho wake. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono, na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliituma kwa rejista baada ya miezi mitatu ya kimya. Mara mbili nimekaa kwenye benchi la ofisi inayohusika hadi watumishi wakafunga madirisha. Jibu pekee nililolipata lilikuwa la mdomo, kutoka kwa kijana mstaarabu aliyenisindikiza mlangoni akaniambia, "Mama, hiyo ni soya tu, mbona nchi za watu wanakula." Sina kinyongo naye. Lakini katika maneno yale machache yamo makosa yote ambayo barua hii inataka kuyazungumza.

Nianze na kilichotokea, ili isionekane kwamba nabishana na vitabu.

Mwaka jana kamati yetu ilikubaliana kwamba watoto wapate kitoweo angalau mara mbili kwa wiki badala ya ugali na maharage siku zote. Nyama ya ng'ombe haishikiki kwa michango ya wazazi wetu, na dagaa walikuwa wamepanda bei, ndipo mfanyabiashara mmoja akatuletea ile inayoitwa nyama ya soya kwa bei ambayo mtunza hazina wetu hakuweza kuikataa. Ilikuja katika vifuko vya plastiki visivyo na neno hata moja, imepimwa kutoka kwenye gunia. Siku hiyo nilikuwapo jikoni. Tuliimwagia maji ya moto, na vile vipande vikavu, vyepesi kama vipande vya kizibo, vikavimba na kulainika. Tukavikamua kwa viganja, maji yakatoka na povu, rangi yake kama chai iliyopoa. Tukakaanga na kitunguu na nyanya, tukamalizia na tui. Ilinukia vizuri, na watoto walikwangua sahani.

Kabla sahani hizo hazijaoshwa, mtoto mmoja wa darasa la tatu, ambaye mama yake alikwishatuonya kwamba karanga zinamdhuru, alianza kujikuna shingo. Midomo ikavimba, macho yakawa membamba, na sauti yake ikabadilika ikawa ya mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki kooni. Alikimbizwa kituo cha afya kwa bodaboda, akachomwa sindano, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu akapona. Tabibu alituuliza, "Amekula nini?" Tukamjibu soya. Akauliza tena, "Soya peke yake?" Hapo hatukuwa na la kusema. Kesho yake nilikwenda dukani nikaomba nilione lile gunia. Lilikuwa na maandishi ya lugha ambayo hakuna mtu pale aliyeweza kuisoma, na juu yake imebandikwa karatasi nyingine yenye uzito tu.

Sisemi kwamba soya ndiyo iliyomdhuru mtoto yule, wala sisemi kwamba ndani yake mlikuwa na karanga. Ninachosema ni kwamba hadi leo hakuna mtu, awe mimi, tabibu, mwenye duka au ofisi niliyoiandikia, anayeweza kusema mlikuwa na nini.

Naomba pia nieleweke kwamba sivipingi vyakula hivi. Kwa miaka mingi nimewafundisha wasichana na wavulana kusonga uji wa soya, kupika kunde na kuunga mbaazi kwa nazi, na ninajua thamani ya protini isiyohitaji kuchinja. Najua pia kwamba mikoa yetu miwili, Lindi na Mtwara, ina faida ya kupata humu. Mwaka 2017 India ilipowekea kikomo mbaazi zinazoingia nchini mwake, wakulima wa huku walibaki na magunia ambayo hayakuwa na mnunuzi wa maana. Kiwanda cha kuzigeuza mbaazi kuwa kitoweo kingekuwa neema. Mabibo yetu nayo huozea chini ya mikorosho kila msimu, wakati Brazil watu hutumia nyuzinyuzi za tunda hilohilo kutengeneza kitoweo kinachoshika nafasi ya nyama. Ni kwa sababu natamani vyakula hivi vije, na vije vizuri, ndiyo maana nalalamika. Hoja zangu ni hizi.

1. Jina moja limebebeshwa vyakula vinavyotofautiana kabisa.

Kijana wa ofisini alisema "soya tu". Lakini sokoni duniani leo, chini ya jina la nyama mbadala, kuna mambo angalau manne. Kuna unga wa soya au wa njegere uliokamuliwa mafuta, ukasukumwa katika mashine kwa joto na shinikizo hadi ukapata nyuzi kama za nyama. Kuna protini ya ukungu unaoitwa Fusarium venenatum, unaokuzwa katika matangi na kuuzwa Uingereza tangu 1985 kwa jina la Quorn. Kuna vitoweo vya mimea vilivyotiwa protini nyekundu inayofanana na ile ya damu, asili yake mizizi ya soya, lakini inayotengenezwa na hamira iliyobadilishwa vinasaba. Na kuna nyama iliyokuzwa kutoka kwenye seli za mnyama ndani ya tangi la kiwandani, ambayo kwa kweli si mbadala wa nyama, ni nyama yenyewe iliyopatikana kwa njia nyingine.

Kila kimoja kina hatari zake. Ukungu una viini vingi vya aina ambayo mwilini hugeuka kuwa asidi inayoleta gauti, yaani maumivu makali ya viungo, hivyo lazima upashwe joto kwa namna maalumu kuvipunguza. Aidha wapo watu waliopatwa na mzio kwa kuula. Seli zinaweza kuingiliwa na bakteria tangini, na chakula kinachozilisha seli hizo kinaweza kuacha mabaki. Mkaguzi anayeviweka vyote katika fungu moja, akaviidhinisha au kuvikataa kwa pamoja, hajavikagua.

2. Usalama wa chakula umo katika namna kinavyotengenezwa, na hilo watu wa kusini hatuhitaji kufundishwa.

Nimelelewa juu ya uwanda wa Makonde, kwenye muhogo. Muhogo mchungu ndio unaovumilia ukame na ndio nguruwe pori wanaouogopa, kwa hiyo ndio tulioupanda. Mama yangu alituonyesha kazi yake hatua kwa hatua: kuumenya, kuuvundika, kisha kuuanika siku nyingi hadi makopa yakigonganishwa yalie kama vijiti vikavu. Hakuwahi kusikia neno sayanidi, yaani ile sumu iliyomo katika muhogo mchungu, lakini alijua kwamba hatua hizo hazifupishwi. Ukija mwaka wa njaa, ghala likiwa tupu, wapo waliozifupisha. Waliutwanga mbichi, wakauanika jua la siku moja, na jioni wakasonga ugali.

Matokeo yake yana jina katika vitabu vya tiba: konzo, ugonjwa unaoikakamaza miguu yote miwili kwa ghafla na usiopona, na ambao huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Nampula, nchini Msumbiji, mlipuko mmoja wa mwaka 1981 uliwapata watu zaidi ya 1,000. Hapa kwetu mkoani Mtwara pia watafiti wameuripoti. Nilipokuwa msichana tulikuwa na jirani aliyetembea kwa fimbo mbili, magoti yakigongana, vidole vya miguu vikikwaruza mchanga, na asubuhi ungeweza kujua kwamba amekwishapita kisimani kwa kuona michirizi miwili njiani mahali ambapo wengine wameacha nyayo.

Muhogo ulikuwa uleule na ugali uliitwa ugali uleule. Kilichobadilika ni siku za kuanika.

Ndiyo maana sishituki mtu akiniambia kwamba chakula kipya ni kipya, wala situlii akiniambia kwamba soya ni soya. Soya mbichi ina viini vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini, na ni joto linaloviharibu. Je, kiwanda kilichojaza gunia lile kilipasha joto la kutosha? Unga wa karanga au wa nafaka uliohifadhiwa kwenye unyevu hubeba sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha jikoni. Mwaka 2016 tuliwazika watu wapatao 20 wa Dodoma na Manyara kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo. Ukungu wa Fusarium unaoliwa Ulaya una ndugu zake wanaotoa sumu kwenye mahindi ya ghalani, hivyo lazima ithibitishwe kwamba aina inayokuzwa tangini ndiyo yenyewe na imebaki kuwa yenyewe. Maswali haya hayajibiwi kwa kusoma jina kwenye pakiti. Yanajibiwa kwa kumtaka mtengenezaji aeleze kila hatua, aonyeshe vipimo vya kila shehena, na akubali mkaguzi aingie kiwandani mwake bila taarifa.

Na kwa bidhaa zinazohitaji baridi, hatua za utengenezaji haziishii kiwandani. Nani amepima hali ya kitoweo cha namna hii baada ya safari ya lori kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara, umeme ukiwa umekatika dukani tangu asubuhi?

3. Mlaji wa Lindi na Mtwara hayumo katika majalada ya nchi nyingine.

Hili ndilo linaloninyima usingizi, na naomba mlisome polepole.

Mwili unapopata sayanidi kidogokidogo kutoka kwenye muhogo, huiondoa kwa kutumia salfa inayotokana na asidi fulani za amino, yaani vijenzi vya protini, ambazo samaki, mayai na nyama huzitoa kwa wingi. Ndiyo maana konzo huwaandama wale wanaokula muhogo na karibu hakuna kingine. Jamii ya kunde, soya ikiwemo, ina protini nyingi na nzuri, lakini upungufu wake uko hapohapo, katika asidi zenye salfa. Kwa mtu wa Berlin au Singapore anayekula mkate au wali, samaki na maziwa, upungufu huo hauna uzito. Kwa mtoto wa uwanda wa Makonde anayekula ugali wa muhogo mchana na usiku, na ambaye dagaa wachache ndio waliokuwa kinga yake, kumwondolea dagaa na kumpa soya ni badiliko linalostahili kuchunguzwa kabla halijafanywa. Sisemi soya italeta konzo. Mtoto anayepata soya yuko katika hali bora kuliko anayekosa kitoweo kabisa. Nasema kwamba swali hili hakuna mkaguzi wa Ulaya aliyewahi kuwa na sababu ya kulijibu kwa ajili ya watu wake, na kama ninyi hamtalijibu, halina mwingine wa kulijibu. Ni hivyohivyo kwa vitamini B12, isiyopatikana katika mimea, katika kaya ambazo tayari hula nyama kwa nadra.

Liko pia suala la mzio. Mazao tunayojivunia huku ni korosho, ufuta na karanga, na yote matatu yamo katika orodha za vyakula vinavyoongoza kwa kuleta mzio. Marekani iliuongeza ufuta kwenye orodha yake ya lazima kuanzia Januari 1, 2023. Watengenezaji wa vyakula hivi hupenda njugu na mbegu kwa sababu ya mafuta yake, na hupenda protini ya njegere na ya lupini, mmea wa jamii ya kunde, ambazo zinaweza kumdhuru mtu mwenye mzio wa karanga. Umoja wa Ulaya unamlazimisha mtengenezaji aitaje lupini waziwazi. Hapa kwetu lupini haijulikani hata kwa jina, na mama wa mtoto yule hangeweza kuiogopa hata angeiona imeandikwa. Nimewahi kuambiwa kwamba mzio ni maradhi ya wazungu. Naomba aliyesema hivyo aje nimpeleke kwa mama huyo.

4. Kibali cha kuazima hakitoshi.

"Nchi za watu wanakula." Zipi, na wanakula nini? Singapore ilikuwa ya kwanza duniani kuruhusu kuku wa seli, Desemba 2020, na iliruhusu bidhaa ya kampuni moja baada ya kupitia jalada lake. Marekani ilifuata Juni 2023 kwa kuku wa kampuni mbili. Israel iliruhusu nyama ya ng'ombe ya seli mwanzoni mwa 2024. Italia, iliyo Ulaya, ilipitisha sheria ya kuipiga marufuku mwaka 2023, na ndani ya Marekani yenyewe jimbo la Florida likaipiga marufuku mwaka 2024. Anayetaka kuazima kibali atapata cha kuazima, na anayetaka kuazima marufuku atapata vilevile. Sitaki mfanye lolote kati ya hayo mawili.

Hata wakaguzi wa nchi tajiri hawaridhiki mara moja. Kampuni ya Marekani inayotumia ile protini nyekundu ilipopeleka maelezo yake serikalini, mwaka 2015 iliambiwa kwamba maelezo hayo hayajathibitisha usalama. Ikarudi na vipimo zaidi, na mwaka 2018 ndipo ilipopata barua kwamba hakuna maswali tena. Katikati ya miaka hiyo bidhaa ilikuwa imekwishaanza kuuzwa mikahawani tangu 2016, kwa kuwa sheria yao iliruhusu. Je, sheria yetu inaruhusu? Kama inaruhusu, tuambieni. Kama hairuhusu, gunia lile lilipita wapi?

Sisemi kwamba kazi ya wengine haina thamani. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya yalichapisha mwaka 2023 ripoti iliyoorodhesha hatari 53 zinazoweza kujitokeza katika chakula kinachotokana na seli, kuanzia kuchukua seli hadi kuandaa bidhaa ya mwisho, na ikaeleza kwamba nyingi kati ya hizo zinajulikana tayari katika vyakula vya kawaida. Hiyo ni orodha iliyo tayari. Itumieni kama mwalimu anavyotumia muhtasari, kisha ongezeni maswali ya darasa lenu.

5. Maandishi kwenye pakiti.

Hapa sina maneno mengi. Chakula kinacholiwa na Waswahili kiandikwe viambato vyake kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mama mwenye umri wangu anaweza kuzisoma bila kuazima miwani, na bidhaa hizi zisiuzwe kwa kupimwa kutoka kwenye gunia lisilo na utambulisho. Neno "nyama" lisisimame peke yake bila kutajwa imetokana na nini.

6. Imani za walaji.

Wengi wetu mikoa hii ni Waislamu, na kwetu swali la halali ni sehemu ya usalama wa chakula, kwa sababu mtu aliyelishwa asichokiruhusu dini yake amedhulumiwa hata kama hakuumwa tumbo. Seli hukuzwa wakati mwingine kwa majimaji yatokanayo na damu ya ndama aliye tumboni. Baraza la Waislamu la Singapore lilitoa fatwa mwaka 2024 kwamba nyama ya seli inaweza kuwa halali, lakini kwa masharti juu ya asili ya seli na vitu vinavyotumika kuikuza. Masharti hayo hayawezi kukaguliwa na shehe wala na mlaji kama mtengenezaji haelezi ametumia nini. Washirikisheni viongozi wa dini mapema. Wasije wakaulizwa na waumini baada ya bidhaa kujaa madukani.

Najua majibu yanayoweza kutolewa, kwa kuwa baadhi nimekwishayasikia.

Mtasema hakuna aliyeomba kuleta nyama ya seli nchini, kwa hiyo mjadala huu ni wa mapema. Hiyo inaweza kuwa kweli kwa nyama ya seli, lakini soya ya gunia iko sokoni leo, na utaratibu ulioshindwa kuiona hii hautaiona ile. Mtasema maabara na wataalamu hawatoshi. Gharama ya kuthibitisha usalama ni ya anayetaka kuuza. Mwambieni alete vipimo kutoka maabara inayotambulika, nanyi mbaki na kazi ya kuvisoma kwa makini na kuvirudia kwa sampuli chache. Mtasema kila mtu ana hiari ya kununua au kuacha. Mtoto wa darasa la tatu aliyepanga foleni na sahani yake hana hiari hiyo, na sisi wakubwa tuliompakulia hatukuwa nayo pia, kwa kuwa hatukuambiwa kitu.

Jibu lililo zito zaidi ni lile la wawekezaji: kwamba masharti makali yatawafukuza. Nawaomba mkumbuke ubuyu. Ubuyu ambao watoto wetu huumumunya wakitoka shule, na ambao babu zetu waliula, ulihesabika Ulaya kuwa chakula kipya, kwa sababu sheria yao inakiita kipya kila chakula ambacho hakikuwa kikiliwa kwa kiasi cha maana ndani ya Umoja wao kabla ya Mei 15, 1997. Ulibidi uombewe kibali, uandikiwe jalada, ungojee, na mwaka 2008 ndipo ukaruhusiwa kuingia. Hakuna aliyesema kwamba Ulaya imefukuza wafanyabiashara. Kama ubuyu wa mababu ulingojea mlangoni mwao, si utovu wa adabu kitoweo cha tangini kikingojea mlangoni mwetu.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba mambo yafuatayo, na ninayaomba kwa niaba ya wazazi wa shule yetu walioniruhusu kuyasema.

Kwanza, mchapishe kwa Kiswahili vigezo mnavyotumia kuamua kama chakula kinachochukua nafasi ya nyama ni salama, na mseme wazi kama soya iliyosindikwa iko ndani ya vigezo hivyo au nje. Pili, kila jalada la maombi liwe na sehemu inayoeleza mlaji wa Tanzania: anakula nini pamoja na bidhaa hiyo, kiasi gani, mtoto na mjamzito wakiwemo, na wale ambao chakula chao kikuu ni muhogo wachunguzwe kwa jina lao. Tatu, uuzaji wa bidhaa hizi kwa kupima bila lebo usimamishwe sasa, kuanzia na shuleni. Nne, vituo vya afya na zahanati vipewe fomu fupi ya kuripoti mtu aliyedhurika baada ya kula chakula kipya, na ripoti hizo zifike kwenu na zisomwe, maana kibali kinachotolewa bila kufuatilia walaji kimeishia nusu ya kazi. Tano, kabla ya kuidhinisha bidhaa yoyote ya aina hii, mje kusini kuwasikiliza wavuvi, wafugaji, mama lishe, kamati za shule na viongozi wa dini. Lindi au Mtwara, popote mtakapoona panafaa, ukumbi tutautafuta sisi.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 60, kwa njia ya wazi kama nilivyowaandikia. Jina langu na anwani yangu vimo katika barua mbili mlizonazo, moja ikiwa na muhuri wenu.

Kifuko kimoja kilichosalia siku ile hakikufunguliwa. Nimekiweka ndani ya kopo kavu lenye mfuniko, pamoja na karatasi niliyoandika tarehe na jina la shule, na nimekificha mbali na jiko. Nipo tayari kumkabidhi mtaalamu wenu yeyote atakayekuja kukichukua na kuniachia saini ya kukipokea.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa sayansi kimu,
Mjumbe wa kamati ya chakula ya shule ya msingi,
Lindi